Mafuta ya mimea kwenye injini ya ndege: masizi yanapungua kweli?

*"Tunaishi Embakasi, ndege zinatupita juu ya paa mchana na usiku. Mwaka 2023 nilisikia Kenya Airways imerusha ndege hadi Amsterdam ikiwa na mafuta yaliyochanganywa na ya mimea, na ikasemwa hayatoi moshi kama ya kawaida. Kemia niliishia kidato cha nne, lakini najua kitu chenye kaboni kikiungua vibaya kinatoa masizi. Sasa haya ya mimea si yana kaboni vilevile? Mjomba wangu anasema siri ni oksijeni iliyomo kwenye mafuta ya kupikia. Jambo la pili: tangi letu la maji ya mvua lina unga mweusi chini, na kijana wangu wa miaka tisa ana pumu. Ule weusi ni wa ndege? Mafuta haya yakienea, tutapumua?"*

Ndugu msomaji, umeleta maswali mawili ndani ya kapu moja, na ni vizuri tuyatenganishe mapema. La kwanza jibu lake ni ndiyo: mafuta hayo yanapunguza masizi, tena kwa kiasi kikubwa, ila sababu si ile anayoisema mjomba. La pili huenda jibu lake lisikupendeze. Unga mweusi wa tangini, kwa uwezekano mkubwa, haukutoka kwenye injini ya ndege. Kinachotoka kwenye injini ya ndege hukioni kwa macho, na kwa mapafu ya mtoto hicho kisichoonekana ndicho cha kufuatiliwa.

Nianze na mjomba, maana hoja yake ni ya watu wengi na ina chembe ya ukweli. Angekuwa sahihi kama tungekuwa tunazungumzia biodizeli, ile inayotengenezwa kwa kuchanganya mafuta ya kula na methanoli. Molekuli ya biodizeli inabaki na atomu mbili za oksijeni, na oksijeni hiyo husaidia kweli kupunguza moshi kwenye lori. Lakini kwenye ndege biodizeli ni uchafu. Viwango vya Jet A-1, yaani mafuta ya kawaida ya ndege za abiria, haviruhusu zaidi ya miligramu 50 za biodizeli katika kilo moja ya mafuta, kwa sababu huganda mapema na huchafua mfumo wa mafuta.

Mafuta ya ndege yanayotokana na mimea kwa wingi leo hupitia njia inayoitwa HEFA. Unachukua mafuta ya mbegu, mafuta yaliyokaangiwa chipsi au shahamu ya ng'ombe, unayashindilia pamoja na haidrojeni kwa shinikizo na joto kubwa juu ya kichocheo. Haidrojeni inaing'oa oksijeni yote, ambayo hutoka kama maji, kaboni dioksidi na kaboni monoksidi. Uti wa gliserini uliokuwa umeshika minyororo mitatu pamoja unaondoka kama propani, gesi inayofanana na ile ya mtungi wa jikoni. Inabaki minyororo mirefu iliyonyooka, mingi ikiwa na kaboni 16 au 18, ambayo ukiipeleka angani itaganda kama mchuzi wa nyama uliolala. Kwa hiyo inakatwa mifupi na kuwekewa matawi hadi iweze kubaki kimiminika kwenye baridi kali ya angani. Mwisho wa safari hiyo hakuna oksijeni hata kidogo. Mpe mkemia kikombe chake bila kumwambia kilikotoka, ataona haidrokaboni tupu. Atakachoweza kukitumia kujua kwamba ni mmea ni kuhesabu kaboni-14, ambayo iko kwenye viumbe vya juzi lakini imekwisha kabisa kwenye mafuta ya kisimani.

(Kwa kudokeza tu, Kenya imo ndani ya biashara hiyo. Kiwanda cha kukamua mbegu kilichofunguliwa na kampuni ya Eni kule Makueni mwaka 2022 hukamua nyonyo, kroton na pamba, na mafuta yake husafirishwa hadi Gela, Sicilia, kwenye kiwanda cha kuyageuza.)

Basi kama zote ni haidrokaboni, tofauti iko wapi? Iko kwenye umbo. Jet A-1 ya mafuta ghafi ya kisimani ni mchanganyiko wa mamia ya molekuli: minyororo iliyonyooka, minyororo yenye matawi, pete zilizojaa haidrojeni, na kundi moja korofi linaloitwa aromatiki, yaani pete za kaboni sita zenye haidrojeni chache. Kiwango kinaruhusu aromatiki hadi asilimia 25 kwa ujazo. Mizigo mingi huwa na kati ya 15 na 20. Ndani ya aromatiki kuna naftalini, pete mbili zilizobanana, na hiyo umewahi kuinusa: ndiyo vile vidonge vyeupe vya zamani vya kuweka kabatini kufukuza nondo. Mafuta ya HEFA yenyewe, kabla ya kuchanganywa, karibu hayana aromatiki.

Ili uone kwa nini pete hizo ni korofi, simama siku moja kwenye karakana ya jua kali fundi anapowasha gesi ya kuchomelea. Akifungua asetilini peke yake na kuiwasha, mwali unakuwa wa njano, na nyuzi nyeusi zinaanza kuelea na kutua kwenye nguo za watu. Akifungua oksijeni, nyuzi zinakatika papo hapo na mwali unakuwa wa bluu. Asetilini ile ni gesi safi, haina uchafu wowote. Masizi hayakutoka kwenye uchafu. Yalijengwa palepale ndani ya mwali, kwa sababu kulikuwa na joto na kaboni nyingi lakini oksijeni haikutosha.

Ndani ya injini ya ndege mambo ni yaleyale. Mafuta hunyunyizwa kama ukungu kwenye chemba ya mwako, na katika injini nyingi eneo la mbele la chemba hiyo kwa makusudi lina mafuta mengi kuliko hewa, ili mwali usizimike rubani anapopunguza nguvu ghafla au ndege inapopita kwenye mvua. Joto humo, kati ya takriban nyuzi 1,000 na 1,600 za Selsiasi, linaikata minyororo vipande vipande. Vipande hivyo vinapoteza haidrojeni hadi vinakuwa ethilini, kisha asetilini, ile ile ya fundi, pamoja na kipande cha kaboni tatu kiitwacho propajili. Propajili mbili zikigongana zinaweza kujifunga na kuwa pete ya kwanza, yaani benzini. Hatua hiyo ndiyo ngumu na ya polepole. Pete ya kwanza ikishapatikana, zinazofuata ni rahisi: haidrojeni moja inanyofolewa pembeni, asetilini inanasa pale, nyingine inanyofolewa, nyingine inanasa. Pete mbili, tatu, nne. Zinakuwa vipande bapa vinavyolaliana kama chapati kwenye sahani, na ghafla una chembe ngumu ya nanomita moja au mbili. Chembe hiyo inavutia asetilini zaidi juu yake, inanenepa hadi nanomita kumi, ishirini, thelathini, kisha zinagongana na kushikana kuwa vishada kama vya zabibu.

Haya yote yana milisekunde chache tu kabla gesi haijasukumwa mbele. Mafuta yenye minyororo mitupu lazima yafyatue tofali la kwanza yenyewe ndani ya muda huo. Mafuta yenye aromatiki yanafika kwenye jengo na matofali yaliyokwisha kuchomwa, na naftalini inafika na mawili yaliyoshikamana tayari. Ndiyo maana viwango vinaiwekea naftalini kikomo chake peke yake, asilimia 3, ingawa imo tayari kwenye hesabu ya aromatiki.

Kuna nusu ya pili ya hadithi ambayo maelezo mengi huiruka. Nyuma kidogo ya eneo hilo hewa nyingi huingizwa, na sehemu kubwa ya masizi yaliyotengenezwa huungua tena kabla ya kutoka. Unachokipata kwenye bomba la nyuma ni mabaki ya vita viwili vikubwa, kujenga na kuteketeza. Kwa kilo moja ya mafuta hutoka masizi ya sehemu ya mia ya gramu hadi sehemu ya kumi hivi kwenye injini za kawaida, wakati kaboni dioksidi ni kilo 3.16. Na kwa sababu ni mabaki, ukipunguza kidogo tu ujenzi, kinachotoka kinaweza kushuka sana. Ndiyo siri ya kwa nini mchanganyiko wa nusu kwa nusu unaweza kukata masizi kwa zaidi ya nusu, jambo ambalo kwa hesabu ya kawaida linaonekana haliwezekani.

Ukitaka kuyaona haya bila injini, yako kwenye koroboi. Mojawapo ya vipimo rasmi vinavyotumika duniani kote kukubali au kukataa shehena ya mafuta ya ndege ni taa ya utambi yenye rula nyuma yake. Fundi wa maabara anaosha na kukausha utambi, anauloweka kwenye sampuli, anajaza mililita 20, anauacha utambi utokeze milimita 6, anawasha na kuacha mwali wa kama milimita 10 uwake dakika tano utulie. Kisha anapandisha utambi hadi mwali utoe mkia wa moshi, ule unaochafua chimni ya taa nyumbani, halafu anaushusha polepole mpaka mkia upotee tu. Hapo anasoma urefu wa mwali. Anarudia mara tatu na kuchukua wastani. Mwali ukiwa mrefu bila moshi, mafuta ni mazuri. Jet A-1 inatakiwa ifike angalau milimita 25, au 18 iwapo naftalini haizidi asilimia 3. Taa yenyewe husahihishwa kwa mchanganyiko unaojulikana: isooktani tupu, haidrokaboni ya matawi isiyo na pete, inafika milimita 42.8, ukitia toluini, aromatiki ya pete moja, asilimia 25, inaanguka hadi 20.2, ukitia 40, inabaki 14.7. Robo tu ya aromatiki, na zaidi ya nusu ya mwali imekwenda.

Usijaribu kununua mafuta ya ndege ufanye hivi nyumbani, na usichanganye chochote kwenye mafuta ya taa. Petroli kidogo ndani ya koroboi imeshaunguza watu wengi. Lakini kwa kuwa mafuta ya taa na Jet A-1 ni ndugu wa tumbo moja, taa yako ikiwaka na kutoa mkia wa moshi unaona kemia ileile.

Kutoka hapo utaona kosa la pili ambalo si la mjomba peke yake bali la matangazo: kwamba masizi yanapungua *kwa sababu* mafuta ni ya mimea. Hapana. Yanapungua kwa sababu hayana pete na yana haidrojeni nyingi zaidi, kama asilimia 15.3 ya uzito badala ya karibu 13.8. Mfano bora wa kuthibitisha hilo uko hapa hapa Afrika. Kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini imekuwa ikitengeneza mafuta ya ndege kutokana na makaa ya mawe, na mchanganyiko wake uliruhusiwa kutumika Johannesburg tangu 1999. Sehemu ile ya makaa ya mawe, iliyojengwa upya molekuli kwa molekuli kwa njia ya Fischer-Tropsch, ina minyororo yenye matawi na aromatiki chache sana, kwa hiyo masizi yake ni machache. Hata hivyo hesabu yake ya kaboni dioksidi ni mbaya kuliko ya mafuta ghafi. Vivyo hivyo, kiwanda kikichukua mafuta ya ndege yatokanayo na mafuta ghafi na kuyasafisha zaidi kwa haidrojeni ili kuondoa naftalini, masizi yatashuka bila mmea wowote kuhusika. Kwa maoni yangu njia hiyo inasemwa kidogo mno; kwa hewa ya majirani wa viwanja ingeleta nafuu mapema. Gharama yake ni haidrojeni ya ziada kiwandani, na haidrojeni yenyewe mara nyingi inatengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo kaboni dioksidi inapanda kidogo.

Hata mafuta ya mimea yenyewe hayalingani. Minyororo iliyonyooka ndiyo hutoa masizi machache kabisa, yenye matawi huzidi kidogo, pete zilizojaa haidrojeni huzidi tena, halafu aromatiki ya pete moja, na naftalini juu ya zote. Mafuta yanayotokana na alkoholi ya isobutanoli yana matawi mengi sana, kwa hiyo yatapimwa tofauti na HEFA yenye matawi machache, ingawa yote mawili yanauzwa kwa jina lilelile la mafuta endelevu. Anayekuambia "mafuta endelevu yanapunguza masizi kwa asilimia fulani" bila kutaja aina, injini na nguvu ya injini hajakwambia kitu.

Angani hili limepimwa. Mwaka 2013 na 2014 NASA ilirusha ndege za upimaji nyuma ya ndege yao kubwa aina ya DC-8, na mchanganyiko wa nusu HEFA ulipunguza chembe kwa asilimia 50 hadi 70, kwa idadi na kwa uzito. Mwaka 2021 wataalamu wa Ujerumani na washirika wao walifuata Airbus A350 iliyobeba HEFA asilimia 100. Idadi ya masizi ilishuka kama asilimia 35 na fuwele za barafu kwenye mistari meupe nyuma ya ndege zikapungua asilimia 56. Usishangae kwamba mafuta safi yalileta punguzo dogo kuliko mchanganyiko. Injini ni tofauti, ya kisasa dhidi ya ya zamani, na mafuta ya kawaida yaliyotumika kulinganisha nayo hayakuwa mamoja. Mistari ile meupe, nikuguse hapo tu na kupita, inahusiana na masizi kwa sababu mvuke wa maji hugandia juu ya chembe hizo. Chembe zikipungua, fuwele zinakuwa chache na kubwa, zinaanguka mapema, na lile blanketi linalozuia joto lisitoke linakuwa jepesi.

Kwa mtu wa Embakasi kuna maelezo mengine yenye maana zaidi. Punguzo kwa asilimia huwa kubwa injini inapofanya kazi kwa nguvu ndogo, ndege inapotambaa kuelekea njia ya kurukia au inaposubiri. Injini inapokamuliwa kwa nguvu zote kupaa, joto na shinikizo vinazalisha masizi hata kutoka kwa minyororo mitupu, na faida ya mafuta inapungua ingawa haiishi. Na injini za kizazi kipya ambazo kwa nguvu kubwa huchanganya hewa nyingi na mafuta kabla ya mwali hutoa masizi machache mno kwa mafuta yoyote yale. Kwa hiyo kubadilisha ndege za zamani kunaweza kukusaidia kuliko kubadilisha mafuta.

Utauliza: basi kwa nini wasiweke asilimia 100 leo? Sababu kubwa inashikika mkononi: mpira. Pete za mpira wa naitraili zinazoziba viungo vya mabomba na matangi ya ndege hufyonza aromatiki na kuvimba kidogo, na ule uvimbe ndio unaoziba. Ukibadilisha ghafla ukaleta mafuta yasiyo na aromatiki, mpira uliozoea unasinyaa na kiungo kinaanza kuvuja. Mpira mpya usiowahi kuvimba hauna shida hiyo kwa kiasi kilekile. Mzee aliyezoea ndiye mwenye shida. Kwa hiyo kanuni zinadai mchanganyiko uwe na aromatiki asilimia 8 angalau, na HEFA isizidi nusu. Uzito nao ni suala: HEFA ni nyepesi kwa lita, ingawa kwa kilo ina nishati zaidi kidogo, na peke yake haifiki kikomo cha chini cha kilo 775 kwa mita ya ujazo kinachotakiwa kwa Jet A-1. Ndege ya Virgin Atlantic iliyovuka kutoka London hadi New York Novemba 2023 bila mafuta ya kisimani ilibeba HEFA asilimia 88 na aromatiki za kutengenezwa asilimia 12, yaani pete zilirudishwa kwa makusudi, lakini zile za pete moja, bila naftalini. Huo ndio mwelekeo wenye akili: acha pete zinazovimbisha mpira, ondoa zinazolea masizi.

Sasa, je, yakienea mtapumua? Mwaka 2024 mafuta haya yalikuwa karibu tani milioni moja duniani kote, kama asilimia 0.3 ya mafuta ya ndege. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya asilimia 2 kuanzia 2025 inahusu mafuta yanayowekwa kwenye viwanja vyao, si yanayotoka Mombasa kwa bomba kuja kwenu. Safari ile ya 2023 ilikuwa kweli, lakini ilikuwa safari moja. Usipange afya ya mtoto ukisubiri hilo.

Twende kwenye tangi. Chembe za masizi ya ndege nyingi zina upana wa nanomita 20 hadi 60. Kama elfu mbili zingepangwa bega kwa bega ndipo zienee upana wa unywele mmoja. Chembe za namna hiyo hazianguki chini kama vumbi. Zinaelea na upepo kwa kilomita nyingi. Unga unaoweza kuukwangua kwa kijiko ni kitu kingine, na Embakasi haina uhaba wa vyanzo: malori ya dizeli ya bohari ya makontena, taka zinazochomwa, majiko ya mkaa, vumbi la matairi, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kuvu na mwani mweusi unaoota paani na ndani ya tangi lenyewe.

Kuna jaribio la dakika kumi. Chukua unga kidogo kwenye sahani nyeupe, ugawe mafungu mawili, moja ulitilie matone ya Jik. Likibadilika rangi na kupauka, ni kuvu. Masizi hayapauki kwa Jik hata yakilala humo. Fungu la pili likaushe, ulisugue kati ya vidole viwili: masizi yanatanda kama wino na kuacha ngozi nyeusi inayong'ang'ania, vumbi la matairi linaviringika kama uchafu wa raba ya kufutia, udongo unakwaruza. Pitisha na sumaku iliyofungwa kwenye karatasi. Ikinasa, huenda ni kutu ya mabati. Mara nyingi utapata mchanganyiko, lakini utajua nani ni mkubwa.

Chochote kile kiwe, tiba ya tangi ni ileile. Maji ya kwanza ya mvua yasiingie: tenga kama lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa, kwa hiyo paa la mita 60 ni pipa la lita 60 lenye bomba lake la pembeni, likijaa ndipo yanayofuata yaende tangini. Bomba la kuchotea liwe sentimita kumi hivi juu ya sakafu ya tangi ili tope lisikorogwe. Osha tangi kabla ya mvua za masika. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi masizi; hayo yaache yatuame, kisha chuja. Ila ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya maji au harufu ya mafuta ya taa, acha kuyanywa, weka chupa moja ya kioo kama sampuli na uwapelekee maafisa wa afya ya umma wa kaunti. Hilo si masizi, ni mafuta yaliyomwagika mahali.

Kuhusu mtoto, weusi unaouona si kipimo. Watafiti waliopima upande wa chini ya upepo wa uwanja wa Los Angeles walikuta, katika matokeo ya 2014, idadi ya chembe ndogo mno ikiwa mara mbili ya kawaida hata kilomita 16 kutoka uwanjani. Si zote masizi. Nyingi ni matone ya salfa na ya mafuta ya kulainishia injini. Salfa hupungua kwa mafuta ya HEFA, ya kulainishia hayapungui. Karibu na Schiphol, Uholanzi, watoto walikuwa na dalili zaidi za kifua na walitumia dawa zaidi siku ambazo chembe hizo zilikuwa nyingi. Kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Lakini usinunue kile kipimo cha bei nafuu cha ubora wa hewa ukidhani kitakuonyesha ndege: kinatumia mwanga, na chembe iliyo chini ya nanomita 300 hivi hakiioni. Kitakuonyesha moshi wa jiko na taka vizuri kabisa, na kwa kweli hapo ndipo kinakufaa, kwa sababu ndani ya nyumba nyingi moshi wa mkaa, wa mafuta ya taa, wa udi na wa dawa ya mbu ya kuchoma huuzidi ule wa uwanja.

Anza na huo. Jiko litoke nje au lije la gesi, udi usubiri siku mtoto hayupo. Ukinusa mafuta ya taa hewani, hasa alfajiri ambapo hewa imetulia, ujue upepo unatoka uwanjani na injini ziko kwenye nguvu ndogo. Funga madirisha ya upande huo kwa muda. Kichujio cha hewa cha daraja la HEPA, ukimudu, kinanasa hata chembe hizi ndogo, chumbani anakolala mtoto kikitosha.

Na mpeleke kliniki, usingoje. Kama anahitaji inhela ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anaamka usiku akikohoa, pumu yake haijadhibitiwa na anahitaji dawa ya kila siku ya kukinga, pamoja na spesa, ile chemba ya plastiki ya kupulizia inhela, na mtu wa kumwonyesha namna ya kuitumia. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi, au inhela isipomsaidia, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kabla ya siku ya kliniki, andika daftari la wiki mbili: kila siku alivuta inhela mara ngapi, alikohoa usiku au la, upepo ulitoka wapi, na ni nini kilichomwa nyumbani au kwa jirani. Daktari atalisoma kwa dakika mbili, na pengine litaonyesha kwamba siku mbaya zinafuata jalala la mtaani kuliko ratiba ya ndege. Jalala hilo lina mwenye kulalamikiwa, na ni ofisi ya mazingira ya kaunti.